Ngozi ya Kitinda

Jua lilikuwa linazama na mimi nimeshavaa viatu vya kutokea, bosi akanipigia simu.

"Pasi," akasema, "Bibie anazitaka picha zake. Sasa hivi. Mpelekee wewe mwenyewe nyumbani kwake."

"Sijazimaliza. Nimesafisha paji la uso tu, shingo bado."

"Hataki zilizosafishwa. Anazitaka vilevile zilivyotoka kwenye kamera."

Nikakaa chini tena. Miaka yote niliyomfanyia kazi Bibie, hakuna siku aliyotaka kuiona picha yake kabla sijaipitishia mkono. Mtu maarufu akiulizia picha zake mbichi, ujue ama anataka kumshitaki mtu, ama kapatwa na jambo.

Acha nieleze kazi yangu, maana huwa haieleweki. Mimi nasafisha sura za watu. Mpiga picha akishapiga, picha inaletwa kwenye kompyuta yangu, nami naondoa chunusi, makunyanzi, mifuko ya chini ya macho, kidevu cha pili. Ndiyo maana pale studio wananiita Pasi. Nanyoosha mpaka mtu mzima mwenye wajukuu anatoka kama shuka jipya. Bibie ndiye aliyekuwa mteja wetu mkubwa. Ni mwigizaji, na uso wake ulikuwa unauza sabuni, mafuta ya kujipaka, mpaka magodoro. Mabango yake yalikuwa mji mzima, na kwenye mabango hayo hajawahi kuvuka miaka thelathini. Mimi na yeye tulijuana kwa makunyanzi tu. Ana kwa ana tulikuwa tumesalimiana mara chache, kwa haraka, mlangoni.

Sasa, kunyanzi halifutwi kama unavyofuta ubao. Ukifuta tu, pale mahali panabaki panang'aa kama ndoo, na watu wanacheka. Lazima uchukue kipande cha ngozi safi kutoka picha nyingine, ukitie kiraka pale penye mkunjo. Iwe ngozi ya kweli, yenye vinyweleo vyake. Kila msafishaji ana picha yake moja anayoiamini, anayochotea ngozi. Wengine wanachota kwa watoto wao. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa anachota kwenye shavu lake mwenyewe la ujanani, na sharti alilonipa lilikuwa moja tu: usichukue ngozi kwa mtu asiyeweza kuota nyingine.

Nilidhani ni utani wa wazee. Mimi ngozi yangu nilikuwa naichota kwa mdogo wangu, ambaye ni marehemu.

Tulimwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama. Alikufa na miaka ishirini, kwa ugonjwa wa kifua, na picha yake ya mwisho nilimpiga mimi. Alikuwa amekaa dirishani amesuka nywele, amefunga mdomo ili asicheke. Ngozi ile, we! Hata vumbi lilikuwa linaona aibu kutua. Niliikuza picha nikaitundika nyumbani, sebuleni, mbele ya kiti cha mama. Nakala nikaiweka kazini. Kila nilipokwama niliifungua nikachota kidogo. Paji la Kitinda, shavu la Kitinda, shingo ya Kitinda. Na nitasema kweli, ilikuwa inanifariji. Nikipita barabarani nikaliona bango la Bibie, nilikuwa namwona mdogo wangu kapanda juu pale, mkubwa kuliko nyumba, anatazama magari.

Jambo la mwisho ni kuhusu mama. Mama macho yanamwisha. Ni presha ya macho. Daktari alisema kinachokwenda hakirudi, na kilichobaki si kingi. Mama hakulia. Alisema, "Basi hicho kilichobaki nitamtazamia Kitinda." Akawa anakaa kutwa mbele ya ile picha. Na siku za karibuni alikuwa analalamika kwamba picha inafifia, kwamba mtoto anaondoka kidogo kidogo. Nikamwambia ni macho yako, mama. Nilimjibu hivyo huku nakoroga chai, bila hata kuinua kichwa kutazama ukutani.

Basi. Nikachapa picha za Bibie, nikazitia kwenye bahasha, nikaenda.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anamfanyia Bibie kazi za ndani. Hakunisalimia. Alinitazama, kisha akaninong'oneza.

"Wewe ndiye Pasi?"

"Ndiye mimi."

"Ingia. Usifunue kitu chochote."

Nilimwelewa nilipofika sebuleni. Kioo kikubwa cha ukutani kilikuwa kimefunikwa shuka. Kioo cha kabati, vivyo hivyo. Luninga imefunikwa. Hata birika la kung'aa lililokuwa mezani lilikuwa limeviringishwa taulo na kufungwa kamba, kama mtu aliyevunjika mguu. Taa iliyokuwa inawaka ilikuwa moja, pembeni.

Na kulikuwa na harufu... Harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya kwenye kopo dogo, anayopakwa mtu kifuani akikosa pumzi. Harufu hiyo naijua. Mama alimpaka Kitinda dawa hiyo mpaka siku ya mwisho. Nikajiambia kila nyumba ina kopo lile. Nikajikaza kisabuni, nikasogea.

Bibie alikuwa kwenye kochi, amejitanda mtandio mpaka kidevuni. Kwanza sikumtambua. Nilikuwa nimemzoea yule niliyemtengeneza mimi. Huyu alikuwa mwanamke wa rika la shangazi zangu, amechoka, mashavu yameshuka, na wala simsengenyi nikisema alikuwa mzuri.

"Kaa," akanong'ona. "Sema polepole. Anasikia."

"Nani, Bibie?"

Aliinama akanisogelea. "Ni ngozi ya nani umenivika?"

"Ni kompyuta tu, Bibie. Kompyuta ndiyo inayofanya."

"Usinidanganye mtu mzima mwenzio. Nimekula kwa kudanganya maisha yangu yote, uongo naujua ukiwa bado uko getini."

Yeye akaendelea, sauti chini, macho kwenye lile shuka la ukutani.

"Ilianza walipotundika lile bango jipya la sabuni. Nilikuwa najifuta vipodozi, jioni kama hii. Nikaona kwenye kioo kuna msichana amekaa nyuma yangu. Nikageuka, hakuna mtu. Nikarudi kwenye kioo, yupo. Hasemi. Hanigusi. Ananyoosha kidole tu. Hapa." Akaonyesha paji la uso. "Hapa, na hapa." Akaonyesha mashavu. "Na hapa." Shingo. "Kama mtu aliyeziona nguo zake kwenye kamba ya jirani."

Kila alipoonyesha ndipo nilipokuwa nimetia kiraka. Hapakuzidi mahali, hapakupungua.

"Anafananaje?" nikauliza.

"Binti tu. Amesuka. Sura yake siijui, maana hana."

"Hana vipi?"

"Pale nilipopata ngozi mimi, yeye hana. Si kidonda, si damu. Ni peupe. Peupe kama karatasi." Akakaza mtandio shingoni. "Sasa kila jioni anakaa karibu zaidi. Jana alikuwa hapo ulipokaa wewe."

Nilitamani kuinuka kwenye lile kochi.

"Nipe hizo picha," akasema.

Nikampa bahasha. Alizitoa zote akazishika. Nilikuwa nasubiri azichane. Nimewaona wengi wakichana, na wengine wakinitukania mama yangu kwa sura walizozaliwa nazo wenyewe. Bibie aliitazama ya kwanza, akaitazama, akaitazama. Kisha akacheka kidogo, na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Nikasogea niitazame na mimi.

"Alikufa mimi niko mbali na kazi, hata kumzika sikuwahi. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Nimekaa miaka siikumbuki sura yake, naikumbuka sauti tu." Akaupitisha mkono juu ya ile picha, kwenye mikunjo ya mdomo. "Kumbe alikuwa humu. Kumbe kila mwezi ulikuwa unanifutia mama yangu."

Niliumia. Nasema wazi, iliniuma kuliko kama angenitukana.

"Mwambie bosi wako zitoke hizi hizi," akasema. "Na mabango yote yashushwe. Mwenye chake apewe chake."

Hapo ndipo taa ilipopungua.

Haikuzimika. Ilipungua tu, kama mtu aliyezuia pumzi. Yule mama wa kazi aliyekuwa amesimama mlangoni akafunika uso kwa viganja. Ile harufu ya dawa ikazidi, ikawa inawasha macho.

Shuka la kwenye kioo kikubwa likaingia ndani.

Likatoka.

Likaingia...

Nyuma ya kioo kile kulikuwa na ukuta. Hakuna dirisha, hakuna upepo. Na shuka lilikuwa linavutwa na kuachiwa, polepole, kwa shida, vile anavyopumua mtu ambaye kifua kimembana. Pumzi zile nilizilalia macho wiki nzima hospitali. Ningezitambua popote.

"Usifunue," Bibie akanong'ona.

Mtu mwenye akili zake angetoka mbio. Lakini huyu nilimbeba mgongoni. Nilimfundisha kufunga viatu. Nikasema moyoni, kama ni yeye, basi ni mdogo wangu, na mtu hamkimbii mdogo wake. Nikainuka, nikalishika lile shuka, nikalivuta.

Kwenye kioo nilijiona mimi. Nikaliona kochi. Nikamwona Bibie amefumba macho.

Na katikati yetu alikuwa amekaa Kitinda.

Gauni lake lilelile la dirishani. Nywele zile nilizomsuka mimi. Masikio yake. Halafu paji la uso, hakuna. Mashavu, hakuna. Shingo, hakuna. Macho... macho nayo hakuna. Peupe tupu. Katika uso mzima ulikuwa umebaki mdomo, umefungwa ili usicheke.

Ukafunguka.

"Dada," ukasema. "Mama hanioni."

Taa ikarudi. Kwenye kioo tulikuwa wawili tu, mimi na Bibie, na mimi nilikuwa nimepiga magoti bila kujua nimepiga saa ngapi.

Njiani sikumbuki nilipita wapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilifika nyumbani na viatu nimevishika mkononi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, amesogea karibu kabisa na ukuta, uso wake umegusana na fremu. Nikawasha taa nyingine. Nikaitazama ile picha. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliitazama sawasawa.

Gauni lilikuwepo. Nywele zilikuwepo. Mdomo ulikuwepo. Kwingine kote, usoni na shingoni, palikuwa peupe.

"Nilijua utasema ni macho yangu," mama akasema.

"Si macho yako, mama."

Akashusha pumzi. Hakuniuliza nimefanya nini. Alisema tu, "Mrudishe nikiwa bado naona." Nikamwahidi.

Kesho yake bosi aliwaka kama moto wa makuti. Alisema tunataka kumfungia biashara, alisema Bibie amerukwa na akili na mimi nimeambukizwa. Lakini Bibie alikuwa na sauti kubwa kuliko yake. Picha mbichi zikatoka. Mji ukachangamka, wengine wakamcheka, wakamwita bibi kizee, wakasema kumbe tulikuwa tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Jirani yangu mmoja, mwenye ulimi kama wembe, aliitazama ile picha gazetini muda mrefu bila kusema neno, halafu akaikata akaibandika mlangoni mwa kabati lake. Mabango yakaanza kushuka.

Na Kitinda akaanza kurudi.

Nilikuwa narudi jioni namkuta mama ananisubiri na habari. "Paji limerudi," ananiambia, na uso wake umenawiri. Siku nyingine, "Shavu hilo. Lile lenye kidoti." Siku nyingine, shingo. Alikuwa anakula vizuri, anaimba jikoni. Nilianza kuamini mambo yamekwisha.

Kisha akaniambia, "Lakini macho yako wapi? Mdomo unataka kucheka, ila mtoto hanitazami."

Nikajifanya natafuta sukari.

Maana macho ya Bibie sikuwahi kuyagusa. Yeye mwenyewe alinikataza, alisema macho ndiyo yanayomlipia nyumba. Ngozi ya macho ya Kitinda, pale chini na pembeni ambapo mtu huanza kuchakaa, nilikuwa nimeitia mahali pengine. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi nilijinyoa.

Kulikuwa na picha yangu niliyoitengeneza kwa ngozi hiyo, nakala mbili. Moja ilikuwa imebandikwa mlangoni pale studio, kuvutia wateja. Ya pili ilikuwa kwenye simu ya mgane mmoja wa mji wa mbali, mtu mwenye sauti nzuri, niliyekuwa naongea naye miezi na hatujaonana. Kila asubuhi ananiandikia, umeamkaje, na hayo macho yako yameamkaje. Mimi, niliyewacheka mastaa wote waliopita mikononi mwangu, niliyesema wanawake wale hawana kazi ya kufanya, nilikuwa naisoma meseji hiyo kitandani huku natabasamu kama msichana wa shule.

Kazi ya kufanya niliijua. Kuibandua ile ya mlangoni, kupiga nyingine bila kuigusa, kumtumia yule bwana. Kitu cha dakika chache. Nikaipiga. Nikaitazama. Mifuko, mistari, kope zimelala. Nikasema nitaituma kesho, leo mwanga ulikuwa mbaya.

Kesho yake nikasema nimelala vibaya.

Siku iliyofuata alikuwa amenipigia na kunichekesha sana, nikaona si vizuri kumharibia siku.

Kesho ikazaa kesho. Na kila jioni mama alikuwa anauliza, "Bado tu hanitazami, mwanangu?" Nami namjibu, "Atakutazama, mama. Subira." Mungu anisamehe, nilimwambia subira mtu ambaye hakuwa na muda wa kusubiri.

Mchana mmoja nilirudi nyumbani kula. Madirisha yalikuwa wazi, jua limejaa sebuleni mpaka chini ya meza. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono kwenye mapaja, ametulia sana.

"Ndiyo wewe?" akauliza.

"Ndiyo mimi."

"Mbona umeme umekatika mapema hivi?"

Nilisimama mlangoni. Nikatoa simu, nikaituma ile picha pale pale, mistari yote, mifuko yote. Nikakimbia studio. Wateja walikuwepo, bosi alikuwepo, sikumsalimia mtu. Nikaibandua ile ya mlangoni kwa kucha, nikaichana vipande, nikageuza kurudi. Yule bwana alinijibu nini mpaka leo sijui. Simu niliiacha kaunta, sikuirudia.

Nilipoingia nyumbani, Kitinda alikuwa ukutani mzima. Macho yake yalikuwa yamerudi. Meusi, makubwa, yametazama mbele, moja kwa moja kwenye kiti cha mama.

"Mama," nikasema. Nilikuwa nalia, sikujificha. "Mama, amerudi. Amerudi kamili. Anakutazama."

Mama aligeuza uso upande wa sauti yangu. Si upande wa picha.

"Anafananaje?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Mimi ninayeijua ngozi ile kinyweleo kwa kinyweleo, niliyeikata na kuigawa kama kitambaa, sikupata neno. Nikasema tu ni mzuri, mama. Ni mzuri sana. Ni vilevile.

"Njoo hapa," akasema.

Nikakaa chini mbele yake. Akanyoosha mkono, akapapasa hewa, akanipata. Vidole vyake vikapita kwenye paji langu, vikashuka pembeni mwa jicho, vikasimama kwenye ile mistari. Akaifuata, mmoja baada ya mwingine.

"Umezeeka, mwanangu," akasema. Alisema kwa upendo, kama anayemsalimia mtu aliyetoka safari. "Mwenzio hakupata kuzeeka."

Mkono mmoja wa mama ulikuwa shavuni kwangu. Mwingine ulikuwa umelala juu ya paja lake. Nilikuwa nautazama, niliweza hata kuhesabu mishipa yake.

Na kwenye shavu langu la pili kulikuwa na vidole.

Vilikuwa baridi. Vilikuwa vyembamba. Vilikuwa vinapita juu ya mistari ya jicho langu, vinakwenda, vinarudi, vinaanza tena, taratibu, kama vya mtu anayejifunza kitu ambacho hatakifikia.

Sikugeuka. Nilimwona mama anatega sikio. Nikafumba macho, nikakaa pale pale chini, nikawaacha wote wawili wanishike.